Mtoto Uliyemwokota

Mama Nafula,

Watoto niliowafundisha niliwaambia kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kumjulia hali anayeandikiwa. Aliyesahau alipoteza alama. Leo nimekaa na kalamu tangu nilipomaliza chai ya asubuhi, na kanuni yangu mwenyewe imenishinda. Nitakuulizaje hali? Basi nitaanza na yangu, kisha nitakwambia lililonifanya niandike, kwa maana hatimaye nina jibu lako.

Mimi ni mzima. Magoti ni yale yale. Miwa ya upande wa mtoni ilikatwa na kupakiwa, na shamba limebaki wazi, hata mtu akisimama mlangoni anaiona barabara ya Malava. Hukuwahi kuipenda hali hiyo. Ulisema nyumba inakuwa kama imevuliwa nguo.

Akina mama wa kanisa walikuja kunifagilia baada ya mazishi yako. Walikuja kwa muda, kisha wakaacha. Siwalaumu, kila mmoja ana nyumba yake. Ninapika mwenyewe. Obusuma wangu, ugali wa kwetu, una madonge, na kila mara najikuta nimepima unga wa watu wawili. Kinachobaki nawapa kuku. Yule mwekundu angali anapanda juu ya kiti chako. Mwanzoni nilimfukuza. Siku hizi namwacha, kwa kuwa kiti chenye kuku ni afadhali kuliko kiti kitupu.

Lakini kinachonichosha ni kimya. Ulizoea kuniambia, "Mwarimu, wewe unasomanga gazeti mpaka chakula inapoa." Nami nilikurekebisha: unasoma, wala si unasomanga, chakula kinapoa. Ulicheka, na kesho yake ukasema vile vile. Juzi nilikuwa jikoni nikajisikia nikisema kwa sauti, "Mwarimu, unaongeanga na nani?" Nikasimama pale na mwiko mkononi. Hapakuwa na mtu wa kumrekebisha.

Sasa niingie katika jambo lenyewe.

Unakumbuka uliyoniambia wodini, sukari ilipokuwa imekushinda na miguu imekufa ganzi. Ulisema, "Mwarimu, wewe ni mtu wa vitabu. Siku ukijua kitu iliyomaliza vijana wangu, uniambie. Hata kama ni mimi." Nilikujibu upesi kwamba si wewe. Ukageuza uso ukautazama ukuta, ukasema, "Sijakuomba unifariji. Nimekuomba ujue."

Sikujua. Ulizikwa nikiwa sijui.

Katika miezi hii nimekuwa nikiyapitia yote tangu mwanzo, kama mtu anayesahihisha mtihani mara ya pili. Barasa wetu, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa. Tezi za shingo zilimvimba, zikapasuka, zikatoa usaha. Zilipona, zikarudi. Homa ikamchukua. Nafula, dada yake, aliyelala kitanda kimoja naye na kula sahani moja naye, hakupata hata kipele. Hapo ndipo watu walipoanza kusema kwamba tumbo lako linapenda wasichana na kuwakataa wavulana. Walisema ukiwa unawapakulia chakula.

Kisha Makokha. Naiona asubuhi ile kama ya jana. Mama yangu alimchukua mtoto mikononi mwako, akazunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye jaa, pale tulipotupa majivu, maganda na majani ya miwa, akamlaza juu yake akiwa mchanga hivyo. Mimi nilisimama kando ya ghala. Haikuwa kazi ya wanaume. Jirani yetu akapita na mtungi wake kama mtu anayepita tu, akapiga ukelele, "Ee! Nani ametupa mtoto hapa?" Mama akamjibu kwa ukali, "Hatumjui. Kama unamtaka, chukua." Jirani akamwokota, akamleta mlangoni kama mtoto wake, nasi tukamkomboa kwa kuku. Mauti yakisikiliza, yaamini kwamba mtoto huyu hana mwenyewe, yaende zao. Naye akaitwa Makokha, yaani wa jaani, jina wanalopewa watoto wa namna hiyo.

Na hila hiyo ilifanya kazi, au sote tulidhani hivyo. Aliugua, alipona. Alikuwa na majipu yasiyokwisha na kovu chini ya mbavu tangu walipompasua ini, lakini alikua. Akanipita kimo. Unakumbuka jinsi alivyolipenda lile jaa? Alilifanya mboji, akalitunza kuliko wengine wanavyotunza ng'ombe. Akichukua uma wake kwenda huko alikwambia, "Naenda kumwona mama." Nawe ukampigia kelele kutoka jikoni, "Msalimie! Mwambie mimi ndio nilikunyonyesha!" Mlicheka mkashika mbavu, na mimi nikajifanya sisikii ndani ya gazeti langu.

Mwaka ule wa mwisho mvua ilinyesha juu ya majani ya miwa baada ya mavuno, yakaoza, yakafuka mvuke. Makokha aliyageuza mchana kutwa ili ayatandaze kwenye migomba yako. Vumbi la kijivu lilimpanda kama moshi. Alirudi akikohoa, akasema ni vumbi tu. Kabla ya mwezi kwisha hakuweza kupanda ngazi ya mlangoni. Walimtibu kifua kikuu, kwa kuwa hicho ndicho walichozoea kukiona, na alimeza vidonge vyake vyote, hakuacha hata kimoja. Ulivihesabu wewe.

Basi. Hayo unayajua. Sikuyaandika ili nikuumize. Nimeyaandika kwa sababu yote, kila kitu, yalikuwa jibu lililokuwa wazi mbele yetu katika lugha tusiyoisoma.

Nafula amepata mtoto mwingine. Mvulana. Alizaliwa huko kwake Lugari wakati wanapukuchua mahindi. Najua ungefurahi, kisha ungeingia chumbani ukafunga mlango. Ulishamzika mjukuu wa kwanza, naye mvulana, kwa machozi ambayo hukutaka niyaone, na uliponyanyuka ulisema neno moja tu: "Imevuka." Mimi pia nilipopata habari nilikaa chini.

Mtoto alipochanjwa, kwapa la upande ule wa chanjo lilivimba, likawa jipu lisilotaka kupona. Nafula hakungoja. Binti yako ana kichwa chako. Alimbeba hadi hospitali ya rufaa, akakataa kuondoka hadi amwone daktari mkubwa, akamwambia mbele ya wagonjwa wote, "Kwetu wavulana wanakufanga, wasichana wanabaki. Mimi sirudi nyumbani na mafuta ya kupaka." Wakamlaza. Akanipigia simu: "Baba, njoo. Wanauliza mambo ya wajomba."

Nilivaa koti. Nilikwenda nikiwa tayari kuutaja ukoo wangu, baba na babu na baba ya babu, kama tunavyotakiwa kuutaja. Daktari ni mwanamke, kijana wa kutosha kuwa mwanafunzi wangu wa mwisho. Alinisikiliza kwa adabu hadi kwa babu, kisha akaniambia, "Asante, Mwalimu. Sasa niambie ya mama yake Nafula. Alikuwa na ndugu wa kiume?"

Mama Nafula, nilimwambia nitakwenda kuuliza. Nilikaa nawe umri mzima, na nilijua ndugu zako wa kiume hawapo kama mtu anavyojua kwamba mto fulani ulikauka zamani. Sikujua walikufa wakiwa na umri gani, wala walikufaje. Ilinibidi niende Matete kwa dada yako. Anjelina alikuwa akianika maharagwe. Hakuacha kazi. "Haya, leo Mwarimu amekuja kuuriza wafu wetu," alisema. "Miaka yote ulikuwa unahesabu wa kwenu tu." Kisha akasimulia. Kaka zenu wote walikufa: mmoja akinyonya, mwingine akiwa na majipu, wa tatu akiwa mwanamume mzima, kwa kifua, baada ya kufungua ghala la mahindi yaliyooza. Huko kwenu walisema ni laana ya shamba. Hapa kwetu tulisema ni tumbo lako. Huko Lugari wameanza kusema ni Nafula. Kila boma lilikuwa na neno lake kwa jambo lile lile.

Damu ya mtoto na ya Nafula ikapelekwa Nairobi. Majibu yaliporudi, daktari alitueleza taratibu, nami nilimwomba arudie hadi niweze kulieleza mwenyewe. Ninalieleza hivi.

Ukungu uko kila mahali. Katika majani yanayooza, katika mabua, katika ghala, katika ukuta wenye unyevu, kuna chembe ndogo zisizoonekana, na kila mtu anazivuta kila siku. Ndani ya damu yetu mna chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kuumeza ukungu ule na kuuua. Kwa mtoto huyu chembe hizo zipo, tena ni nyingi, nazo hufika mahali pake na kumeza. Ila haziui. Hazina ile sumu ya kuulia. Ukungu unakaa ndani yake ukiwa hai, unaota, unakula mapafu. Na vijidudu vingine vya usaha hufanya vivyo hivyo, na hata ile chanjo iliyo salama kwa wengine. Ni kasoro ya kuzaliwa nayo. Makokha hakuwa na kifua kikuu. Alivuta jaa lote ndani yake mchana mmoja, na mwili wake haukuwa na kitu cha kulijibu.

Umefika mahali uliponiomba nisikufariji, nami sitakufariji.

Ilipitia kwako.

Daktari alisema mama ana nyuzi mbili za urithi ule, na kwako mmoja ulikuwa mzima na mmoja ulikuwa na kasoro. Mvulana hupewa mmoja tu, na hana mwingine wa kumwokoa. Msichana akipewa wenye kasoro, ule mzima wa baba yake humlinda, naye huuchukua bila kujua hadi kwa watoto wake. Ndivyo Nafula. Ndivyo wewe, na mama yako kabla yako. Aliniuliza kama ulikuwa na vidonda vya mdomoni. Nikamwambia vilikuwa vikikusumbua maisha yako yote, ukivisingizia mananasi. Akatikisa kichwa. Hayakuwa mananasi. Ilikuwa ni alama yako ndogo, uliyotembea nayo kati yetu, na hakuna aliyeisoma.

Basi wale waliosema imo upande wako hawakukosea njia. Walikosea kila kitu kingine. Hukula kitu, hukuvunja mwiko, hukumkosea mtu, na tumbo lako halikumchukia mtoto yeyote. Ulipewa uzi bila kuulizwa, ukautoa bila kuuona. Nafula alipoelezwa alilia hadi daktari akatoka akatuacha. Nilimwambia: "Mama yako aliuliza swali hili akiwa anakufa. Wewe umelipata jibu lake ukiwa hai, na mtoto yuko hai. Futa machozi." Sikusema kwa upole. Unajua ninavyosema. Lakini alifuta.

Mtoto anapewa dawa mbili kila siku, moja ya kuzuia ukungu na moja ya kuzuia usaha, naye atazimeza siku zote. Wametaja pia kupandikiza uboho, mbali sana na hapa, hilo bado. Na wametuamuru: asikaribie mboji, wala majani yaliyooza, wala zizi, wala ghala linapofunguliwa.

Nilirudi nyumbani nikidhani yamekwisha. Kabla wiki haijaisha Nafula akapiga simu, akinong'ona. Mama mkwe wake alikuwa ameita wanawake. Mtoto alazwe jaani, kama Makokha.

Si kawaida ya baba kuingia kwa wakwe wa bintiye bila kualikwa. Nilikwenda. Nilichukua ndizi za migomba yako, nikazifunga katika leso yako ya kijani kwa kuwa sikuona kikapu, nikafika wakati wanawake wamekwisha kukusanyika nyuma ya nyumba. Jaa lao lilikuwa kubwa, la mabua na samadi, linafuka. Mtoto alikuwa bado ndani na mama yake, nashukuru.

"Karibu, Mwarimu," mama mkwe aliniambia, mikono kiunoni. "Umekuja kutufundisha?" Wenziwe wakacheka.

Nilisema nimekuja kusalimu.

"Wa kwanza tulimpeleka hospitali, tukamzika," alisema, na sasa hakuwa akicheka. "Huyu tunamficha. Hatumtupi. Tunamtupanga kwa mdomo tu."

Nilikuwa na hotuba. Niliitunga njiani tangu Malava. Lakini nilimtazama yule mama nikaona anaogopa kama ulivyoogopa wewe, na hotuba ikanitoka. Nilichukua fimbo yangu, nikawaomba warudi nyuma, nikaichomeka ndani ya jaa na kuligeuza. Vumbi la kijivu likapanda. Niliwaambia, "Hiki ndicho kilichomuua mwanangu. Mficheni mtoto, sijakataa. Lakini hapa mnamficha mkononi mwa anayemtafuta."

Walilitazama lile vumbi hadi likatua. Nikawaambia ya Makokha, na ule mzaha wenu wa kwenda kumwona mama. 

Mama mkwe akauliza, kwa ukali wa mtu anayetaka kukubali, "Sasa ataokotwa wapi? Mtoto haokotwi kitandani!"

Mbele ya nyumba kulikuwa na kichanja cha vyombo, kimeoshwa, kimekauka juani. Nikakionyesha. Nikazimwaga ndizi. Nafula aliifua leso yako, akaianika, akaipiga pasi pande zote mbili kwa moto mkali, nasi sote tukangoja, wanawake wazima na mimi, kama watu wanaongoja mgeni wa heshima. Kisha akaitandaza juu ya kichanja, kati ya sufuria na vikombe, akamlaza mwanawe. Mtoto akapiga teke kifuniko kikaanguka. Wakacheka, safari hii kwa namna nyingine.

"Na wa kumwokota?" mmoja akauliza. "Lazima awe mwanamke, na asiwe wa boma hili."

Mama mkwe aliishika ncha ya leso, akaitazama. Akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia.

"Basi mwenye leso ndiye amemwokota," alisema, akapaza sauti ili isikike hadi barabarani. "Mauti yakimtaka mtoto huyu, yaende yakamuulize yeye. Huyo hayaogopi tena."

Nafula alimfunga mtoto ndani ya leso ile, akamwingiza kwa mlango wa mbele. Niliacha ndizi kuwa ukombozi, kwa kuwa sikuwa na kuku. Wamemwita Makokha. Jina tumelirudisha, jaa tumeliacha. Vijana wa boma wamelihamishia ng'ambo ya shamba, mbali na upepo wa nyumba.

Kwa hiyo sasa una mtoto, Mama Nafula. Unajua kwamba aliyeokota ana wajibu: huulizia, hutembelea, hugomba akionewa. Wewe huwezi, na mimi sina kazi. Nitakwenda kwa niaba yako. Nimekwisha kununua kikombe cha kupimia dawa ili wasikadirie kwa kijiko. Nitawapigia simu kila asubuhi niulize kama amemeza, hata wakinichoka. Akipata akili nitamweleza damu yake bila kuficha, na nitamweleza habari zako, ili asikue akidhani kuna mwanamke wa kulaumiwa. Nami nitamfundisha kuandika barua. Nikiondoka kabla hajafika huko, Nafula ameagizwa.

Jioni niliporudi kutoka Lugari nilipika tena unga wa watu wawili. Safari hii sikuwapa kuku mara moja. Niliuweka mezani upande wako, nikakusimulia yote niliyokuandikia hapa, hadi ukapoa. Ulipopoa nililingoja lile karipio lako, kwamba chakula inapoa.

Nimeandika kwa sababu uliniomba nijue, nami sasa najua. Lala, mama. Lala bila swali. Wavulana wako wawili wako kando yako, na wa tatu nitamweka huku juu kadiri nitakavyoweza.

Wako,
Mwarimu